Macho Mekundu

Usukumani, Magu na Misungwi zikiwemo, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Kwa waliowashuku, alama hiyo ilitosha: huyu ni mchawi. Ni rahisi kusema ni ujinga, tukafunga mjadala. Mimi naona neno "ujinga" linatuacha njiani, maana aliyeyaona macho yale hakudanganyika. Yalikuwa mekundu kweli.

Alikosea alipojipa sababu. Sababu yenyewe iko jikoni. Enzi za mkoloni vichaka vilifyekwa kufukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakameza kilichobaki, kuni zikawa adimu. Watu wakapikia mabua, miti ya pamba, hata mavi makavu ya ng'ombe. Kijumba cha jikoni hakina dirisha. Moshi hujipenyeza kwenye nyasi za paa, tena kwa kujivuta. Mwanamke aliyeinamia mafiga humo tangu usichana wake, akichemsha michembe na kusonga ugali, afike uzeeni na macho ya rangi gani? Hapo hujataja ugonjwa wa vikope. Na wanaomnyooshea kidole wamekuzwa na chakula cha moshi huohuo.

Kinachonisumbua ni kwamba jambo la wazi kabisa limezaa imani ya uongo, na kinyume chake kimewahi kutokea hapahapa Mwanza. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alilitazama Ziwa Victoria kutoka kilimani, akaona kipande tu cha kusini, akashikilia kwamba amekipata chanzo cha Nile. Richard Burton, aliyesafiri naye, alimkatalia, na alikuwa na haki: mwenzake hakuwa na ushahidi wa kutosha. Ila Speke alikuwa amepatia. (Shuleni tulikaririshwa kwamba "aligundua" ziwa, kana kwamba wavuvi aliowakuta walikuwa wakitega nyavu hewani. Nilipata vema kwa jibu hilo.)

Imani ya Speke ilipata mtu wa kuizunguka. Machi 1875 Henry Morton Stanley alishusha mashua yake, Lady Alice, huko Kageyi kwenye Ghuba ya Speke, akalizunguka ziwa kwa miezi miwili hivi, akarudi na habari kwamba ni ziwa moja, na maji yake yanatokea upande wa kaskazini kuingia Nile. Imani ya macho mekundu haijapata wazungukaji wengi, na nadhani wapo wasiotaka izungukwe. Kikongwe akiondoka, shamba lake linabaki. Halafu kuna mzazi aliyezika mtoto bila kujua kilichomuua: yeye hatafuti shamba, anatafuta jibu, na jirani yuko karibu kuliko zahanati. Huyu wa pili namwonea huruma, ingawa panga ni lilelile.

Jiko halihitaji miezi miwili. Niliwahi kuingia kwenye moja kumwamkia bibi wa rafiki yangu. Niliinama mlangoni, nikakalia kigoda, naye akawa anachochea moto kwa kijiti cha pamba huku akiniuliza habari za mjini. Uji alionipa sikuumaliza. Nilipotoka nikipangusa machozi, mjukuu wake mdogo alinitazama usoni, akarudi nyuma hatua moja.