Je, Asiyejibu Asisemeshwe?

Katika vijiji na mitaa ya Kibaha na Kisarawe twaona nyumba yenye mtoto aliyetimiza miaka 2 naye hasemi. Wenzake wa umri huo huunganisha maneno mawili, "mama maji". Yeye huonyesha kwa kidole tu. Majirani husema, "Mwacheni, atasema akitaka." Wengine humlaumu mama yake. Kisha, polepole, watu wa nyumbani huacha kumsemesha. Hapo ndipo lilipo swali letu: je, asiyejibu hana haki ya kusemeshwa?

Twadhani maneno ni kama biashara: nikupe, unipe. Lakini kila mmoja wetu alipewa maneno bure miezi mingi, wala hakulipa hata moja. Basi kumsemesha mtoto si malipo ya jibu lake; ni deni tulilo nalo, kwa sababu sisi pia tulikopeshwa.

Deni hili halilipwi kwa makelele. Mama akikuna nazi, aseme, "Nazi", akikamua, "Tui." Kisha anyamaze kidogo, amtazame, angoje. Maana liko kosa la pili: kaka na dada humpa kila kitu kabla hajajaribu kukitaja, nao hudhani wamempenda. Bibi naye asizuiwe kusema naye kwa Kizaramo. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kunena.

Wala kungoja huko kusiwe uvivu. Kwanza masikio yake yapimwe, kwa kuwa asiyesikia hawezi kuiga sauti. Kukata kimeo hakuleti neno; huleta jeraha. Watu wa Kibaha wanayo Hospitali ya Tumbi; wa Kisarawe waanzie hospitali ya wilaya yao. Tena huko Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2017 baadhi ya watoto wasiosikia wamepandikizwa vifaa vya kuwasaidia kusikia. Navyo hufaa zaidi mtoto akiletwa mapema.

Labda mtoto atasema mwakani; labda atasema machache siku zote, au kwa ishara za mikono. Je, hapo deni limefutwa? Hasha! Heshima ya mtu haipimwi kwa wingi wa maneno yake. Basi leo jioni tumwite kwa jina lake, tumweleze habari za siku, tungoje.