Wakubwa Wakishapeana Mikono

Wajukuu zangu, kila uchaguzi unapokaribia hapa Visiwani Zanzibar nayasikia maneno yale yale niliyoyasikia nikiwa mtoto wa chuoni: fulani si mwenzetu, duka lile tusinunue, harusi ile tusiende. Vyama vimebadilika majina na bendera zimebadilika rangi. Lakini ukiwavua watu kofia na fulana unawakuta ni wale wale, au watoto wa wale wale, wanagombania jambo ambalo hawakulianzisha wao wala hawatakuwapo siku litakapomalizwa. Hasira zilishaniisha. Binadamu hupenda upande wake ushinde, na hilo simlaumu mtu. Ninalowaomba mlitazame ni yale yanayobaki baada ya kura kuhesabiwa.

Zama za siasa, miaka ile baada ya kura za 1957, wako wenye mashamba waliowafukuza watu waliokuwa wakilima muhogo chini ya mikarafuu na minazi yao, kwa sababu tu ya chama. Waliofukuzwa nao wakafungua maduka yao ili senti yao isiingie kwa mahasimu. Harusi zikasusiwa, na maziko pia. Januari 1961 kuligombewa viti 22: chama cha Afro-Shirazi kikapata 10, cha Hizbu 9, na cha ZPPP 3, na hao watatu wakagawika, mmoja huku na wawili kule, pande zote mbili zikawa na 11. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Moja! Mji mzima umegawika nusu kwa nusu, na kesho yake nusu hii na nusu ile wanakutana sokoni kwenye fungu moja la samaki. Juni ikapigwa kura tena, na safari hiyo watu wakashikiana mapanga, wakafa 68. Waliokufa walikuwa na majirani, na majirani zao walikuwa na watoto, na watoto hao ndio babu zenu.

Ungedhani tulijifunza. Vyama vingi viliporudi, baada ya uchaguzi wa 1995, nilikwenda Pemba nikakuta mwenye duka anakaa mpaka alasiri hajauza hata kilo ya unga, kisa kadi ya chama aliyonayo mfukoni. Mtu anafiwa, na wa kumbebea jeneza ni wa kutafuta. Januari 2001 watu wakauawa kwenye maandamano, na zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, wakalala kwenye maturubai.

Kisha wakubwa wakapatana. Ukaja Muafaka wa Oktoba 2001 baina ya CCM na CUF. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad wakakutana wakapeana mikono, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kama wanaitaka serikali ya pamoja, theluthi mbili hivi wakasema ndiyo. Uchaguzi wa 2015 ukafutwa, mambo yakaharibika upya. Baada ya ule wa 2020, Maalim akakubali tena kuingia serikalini kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mwezi Februari 2021 akafariki. Mungu amrehemu. Kila walipopatana nilimshukuru Mungu, na wakipatana tena kesho nitamshukuru tena.

Ila nataka mwone kitu. Wakubwa wakigombana wanao watu wa kuwaita mezani. Wako wajumbe, wako mabalozi, na siku ya mapatano picha zinapigwa. Ndugu wawili wa Micheweni, kule Pemba, walioachana kwa ajili ya hao wakubwa hawana wa kuwaita. Mkutano wa chama ulipokwisha, gari zikaondoka, wao wakabaki na mpaka wa shamba mmoja na kisima kimoja, na ugomvi wao ukawa kama moto wa makumbi: huoni ulimi wa moto, lakini ukitia mkono unaungua. Nimekutana na watu wasiosemeshana mpaka leo, ilhali kiongozi wa huyu na kiongozi wa yule walishakaa baraza moja la mawaziri.

Na sisi ni watu wa dini. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitukataza kumsusa ndugu zaidi ya siku tatu. Siku tatu, si mihula mitatu ya uchaguzi. Kumzika maiti ni faradhi juu ya wote, na wasipopatikana hata wachache wa kuitekeleza, mzigo uko shingoni kwa kila mmoja wetu. Msikitini mnasimama bega kwa bega nyuma ya imamu, mkitoa salamu kulia na kushoto, kisha mnatoka mlangoni mnapishana njia.

Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyojaa kupita kiasi ilizama usiku karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Wavuvi walitoka na vyombo vyao gizani, na watu walielea juu ya magodoro yaliyokuwa shehena. Mamia waliokolewa. Maiti zililazwa kwenye viwanja vya Maisara, na watu wakapita mstari kwa mstari wakiwatafuta jamaa zao. Hakuna aliyeuliza kadi. Kwa siku zile chache tulikuwa watu tunaozikana, na inaniuma kwamba ilibidi meli izame kwanza.

Sasa kampeni hazijaanza, vipaza sauti bado viko stoo. Yule jirani mliyeacha kununua kwake tangu kura zilizopita hufungua duka baada ya sala ya alfajiri. Nendeni mkanunue chochote, hata kibiriti, mumuulize hali ya watoto na ya mama yake mgonjwa. Pengine atawajibu kwa mkato, na ana haki yake. Rudini tena Ijumaa.