Miaka Kumi Mlangoni

Tarehe 15 Juni 2003, wafanyakazi wapatao 130 wa hoteli ya Congress Plaza mjini Chicago walitoka kazini, wakashika mabango na kuanza kuzunguka mbele ya mlango wa wageni. Hoteli yenyewe ni ya zamani. Ilifunguliwa 1893 ili kupokea watu waliokuja kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka ule, na inatazamana na bustani ya Grant katika barabara ya Michigan. Aliyepita hapo siku ile akawaona angedhani ni jambo la wiki mbili tatu, yaishe.

Madai yao yalikuwa ya haki, na niliseme hilo mapema nisije nikaeleweka vibaya. Mwaka 2002 hoteli nyingi kubwa za mji huo zilikuwa zimepatana na chama cha wafanyakazi, HERE, ambacho baadaye kiliitwa UNITE HERE, kupandisha mishahara. Congress Plaza ikajitenga na wenzake. Ikataka kukata mishahara kwa asilimia 7, tena ipewe uhuru wa kuwakabidhi mawakala kazi zilizokuwa zikifanywa na waajiriwa wake. Mhudumu wa vyumba alikuwa akilipwa dola 8.83 kwa saa. Mkate asilimia 7, kila saa anapoteza zaidi ya senti 60, na bado hajui kama mwakani kitanda hicho atakitandika yeye au mtu aliyeletwa na wakala. Nani angekubali?

Basi wakagoma. Hoteli haikufunga hata siku moja. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1938, mwajiri anaruhusiwa kuajiri watu wengine, tena wa kudumu, kushika nafasi za waliogoma kwa ajili ya mshahara. Congress Plaza ikaajiri. Huku nje mabango yanazunguka, ndani shuka zinabadilishwa na sahani zinaoshwa kama kawaida. Baadhi ya vikundi vilihamisha mikutano yao kwa kuwaunga mkono wagomaji, lakini vyumba vingine viliendelea kupata watu.

Mwaka 2007 Barack Obama, wakati huo seneta anayewania urais, alikwenda akatembea nao pale mlangoni. Akachaguliwa, akaapishwa, akachaguliwa mara ya pili, na mabango bado yanazunguka. Anayezijua baridi za Chicago, upepo unapovuma kutoka ziwani Januari, atakubali kwamba watu hawa hawakukosa moyo. Ndiyo maana kisa chao kinaniuma. Ingekuwa rahisi kusema walikuwa wavivu au waoga, tukafunga kitabu.

Mwisho wa Mei 2013, baada ya miaka karibu kumi, chama kikatangaza kwamba mgomo umekwisha na wagomaji wako tayari kurudi bila sharti lolote. Mkataba mpya haukupatikana. Kufikia wakati huo, mhudumu wa vyumba katika hoteli zilizosaini za mji huohuo alikuwa akipata dola 16.40 kwa saa. Aliyetaka kurudi Congress Plaza alirudi kwenye 8.83 ile ile.

Walikosea wapi? Wengi hujibu haraka: hawakuvumilia vya kutosha. Miaka kumi! Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hawakusema ni tumbo la nani. Mwenye hoteli ana ghala lingine. Mhudumu ghala lake ni mshahara wa mwisho wa mwezi, na mgomo unapoanza ghala hilo ndilo la kwanza kufungwa. Nionavyo mimi, shida ilikuwepo kabla ya siku ya kwanza. Hoteli jirani zilikuwa zimeshasaini mkataba, na wafanyakazi wa huko hawakuwa tena na sababu yao wenyewe ya kusimamisha kazi. Watu 130 wakabaki peke yao na jengo moja lenye uwezo wa kuwangoja.

Katika vyama vya wafanyakazi wa hoteli kuna kisa kingine kinachosimuliwa kwa fahari, nacho ni cha hoteli ya Frontier mjini Las Vegas. Septemba 1991 waligoma watu 550, wakakaa nje miaka sita, miezi minne na siku kumi, usiku na mchana, na hakuna hata mmoja aliyevuka mstari wa wagomaji akarudi kazini. Kumbukumbu za mgomo ule zinataja watoto zaidi ya mia moja waliozaliwa katika familia za wagomaji na wenzao 17 waliofariki kabla haujaisha. Februari 1998 waliingia ndani na mkataba mkononi. Husimuliwa ili watu waone kwamba avumiliaye hushinda.

Mimi nakisoma tofauti kidogo. Wenye Frontier ya 1991 hawakulainika mpaka mwisho. Waliiuza hoteli, na mnunuzi mpya ndiye aliyesaini. Na wale 550 nyuma yao walikuwa na chama chenye wanachama makumi ya maelfu katika hoteli na kasino nyingine za mji uleule, wakiendelea kupokea mishahara na kulipa ada. Ukimpa mtu sehemu ya uvumilivu tu ya kisa hiki, ukamwachia nje sehemu ya ada, umempeleka Chicago.

Karibu zaidi na ngozi yetu ni kisa cha Paris. Julai 2019 wahudumu wa vyumba wapatao ishirini wa hoteli ya Ibis Batignolles, wengi wao wanawake waliozaliwa Afrika, waligoma. Mwajiri wao hakuwa hoteli. Walikuwa chini ya kampuni ya wakala, na walitakiwa kumaliza vyumba vitatu na nusu kwa saa. Piga hesabu: dakika 17 kwa chumba. Ndani ya dakika hizo vua shuka, inua godoro kona nne, tandika, futa vumbi, sugua choo na bafu, kusanya taulo, piga deki, funga mlango, ukimbilie kinachofuata. Mgeni akiacha mchanga au matapishi, dakika ni zilezile.

Mzozo wao ulichukua miezi 22, ugonjwa wa korona ukiwa katikati. Ila hawa walikuwa na mfuko wa mgomo uliowapa cha kupeleka nyumbani. Walikuwa wakiimba na kupiga ngoma mbele ya wageni waliolipia usingizi, jambo ambalo hoteli yoyote hulihisi haraka kuliko barua. Mei 2021 walisaini: nyongeza ya kati ya euro 250 na 500 kwa mwezi, posho ya chakula ya euro 7.30 kwa siku, na kasi ya vyumba kupunguzwa. Kuajiriwa moja kwa moja na hoteli, dai lililobeba usalama wa kazi zao, hawakulipata. Mmoja wao, Rachel Kéké, mzaliwa wa Ivory Coast, alichaguliwa kuwa mbunge wa Ufaransa Juni 2022.

Sasa tuje kwenye kantini za hoteli za pwani yetu, ambako mambo huanza kwa namna tunayoijua wote. Ni saa nane mchana, ugali na maharage mezani, masika yamekaribia na orodha ya vibarua watakaosimamishwa imeshabandikwa ukutani. Kijana wa baa anapiga meza: "Jamani, leo hatuendi zamu!" Macho yanamgeukia mzee wa jikoni. "Mzee wetu, wewe una miaka ishirini hapa, sema neno." Mzee anasema, "Sawa wanangu." Robo saa baadaye wako getini, hakuna barua iliyoandikwa, hakuna dai lililosajiliwa, kiongozi wa chama bado yuko kwenye daladala.

Jioni hiyo meneja hahitaji hata kukasirika. Nchini Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka usuluhishi uwe umejaribiwa ukashindikana, kisha chama kitoe notisi ya maandishi ya siku saba. Aliyegoma bila hayo amevunja mkataba wake mwenyewe. Tanzania, sheria ya 2004 inataka shauri lipite kwanza kwenye usuluhishi, ambao hupewa siku 30, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Sheria hiyohiyo inakataza kusimama na mabango mlangoni kama walivyofanya Chicago. Lakini pia inamkataza mwajiri kuleta watu wengine wakati wa mgomo halali, na hicho ndicho kitu ambacho wale 130 hawakuwa nacho. Neno lenye uzito hapo ni "halali." Kijana aliyepiga meza alilitupa ndani ya robo saa.

Yapo mengine yasiyohitaji mgomo kabisa. Kibarua wa Kenya aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtoa kwenye ukibarua. Wangapi wanaobandikwa kwenye ile orodha ya masika wanalijua hilo?

Vyama vya wafanyakazi wa hoteli tunavyo: KUDHEIHA iko Kenya, CHODAWU iko Tanzania, na mwanachama anayelipa ada ana haki ya kuuliza. Basi kabla hujaandika bango, mtafute mweka hazina wa tawi lenu, mkae chini na daftari lake, muhesabu fedha zilizopo zinaweza kulisha nyumba ngapi, kwa wiki ngapi.