Petroli Bora ni Bora kwa Nani?

Kwenye vituo vya mafuta vya Dubai petroli huuzwa kwa namba tatu: 91, 95 na 98. Zimepangwa kama madarasa ya shule, na bei hupanda pamoja nazo. Kijana aliyejinyima miaka miwili mpaka akanunua Kawasaki Ninja 400 haoni la kufikiria. Mhudumu akiuliza, jibu ni 98. Kipenzi hakilishwi makombo.

Kitabu cha mwongozo kilichokuja na pikipiki hiyo kina maneno mengine: oktani isipungue 91. Basi. Injini yake ya silinda mbili, sentimita za ujazo 399, yenye uwiano wa mgandamizo wa 11.5 kwa 1, iliundwa iridhike na petroli ya bei ya chini kabisa kituoni hapo. Sasa, je, kijana huyu amekosea? Na kama amekosea, kosa ni la elimu, la matumizi, au la moyo?

Kwanza namba yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni huubana mchanganyiko wa petroli na hewa, plagi ikatoa cheche, na moto ukatambaa kutoka pale ilipo plagi hadi kwenye kuta. Mambo yakienda mrama, ule mchanganyiko ambao moto haujaufikia hushindwa kuvumilia joto na shinikizo, ukajilipukia wenyewe kabla ya zamu yake. Fundi husikia sauti ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, akasema injini inagonga. Ikiachwa igonge mwezi baada ya mwezi, pistoni huweza kutoboka. Oktani hupima uvumilivu huo tu. Nguvu iliyomo ndani ya petroli haimo katika hesabu. Ethanoli ni shahidi mzuri: oktani yake inapita 100, lakini lita yake moja ina nishati pungufu kuliko lita ya petroli kwa karibu theluthi moja.

Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1926 na mkemia wa Kimarekani, Graham Edgar. Alichukua vimiminika viwili. Kimoja, iso-oktani, kilivumilia sana, akakipa 100. Cha pili, heptani, kiligonga upesi, akakipa sifuri. Na ajabu ni kwamba heptani safi ya siku zile ilipatikana katika utomvu wa aina ya msonobari wa Marekani. Petroli ya 95, basi, ni ile inayovumilia sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za iso-oktani na tano za heptani. Katika hesabu hiyo hakuna neno “bora”. Neno hilo lililetwa na muuzaji.

Tena namba hazisemi lugha moja duniani kote. Marekani hubandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili, na kipimo cha pili ni kikali zaidi, kwa hiyo namba zao huwa ndogo. Ndugu aliyeko Minnesota akisema Ninja 400 yake inakunywa 87, wa Dubai asimcheke: petroli hiyo ni takriban ile ile 91 anayoipita yeye kila wiki.

Aristotle alilijua tatizo la “bora kwa nani” kabla ya injini kuwepo. Katika kitabu chake cha maadili kwa Nicomachus anamtaja Milo, mpiga mieleka mashuhuri wa Kigiriki. Ratili kumi za chakula zikiwa nyingi mno na mbili zikiwa kidogo mno, mwalimu wa wanariadha hawezi kukata shauri kwamba kila mtu ale sita. Kwa Milo sita hazitoshi; kwa anayeanza mazoezi leo ni mzigo. Kadiri iliyo sawa hupatikana kwa kumtazama mlaji kwanza, ndipo chakula kipimwe. Katika ukoo huo huo wa Kawasaki yumo Milo: ZX-6R, silinda nne, sentimita 636, mgandamizo wa 12.9 kwa 1. Kitabu chake kinadai 95. Petroli ambayo kwa Ninja 400 ni shibe, kwa huyu ni njaa ya kumtia maradhi.

Lakini kijana ana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Makosa mawili haya hayalingani uzito. Anayetia oktani ya juu kuliko inavyohitajika hupoteza dirhamu chache. Anayetia ya chini huhatarisha injini, hasa kwa kuwa pikipiki nyingi, tofauti na magari ya kisasa, hazina kihisio cha kusikia injini ikigonga na kuchelewesha cheche. Basi kwa nini asiegemee upande wa salama?

Wanafikihi wana jina la hoja hiyo: ihtiyati, tahadhari ya mtu aliye katika shaka. Wana jina pia la maradhi yanayofanana nayo, wasiwasi, hali ya yule anayerudia kuosha mkono mara ya saba ilhali maji yalishafika mara ya kwanza. Ibn Qudama, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima ya kuwakemea watu hao. Mpaka kati ya mambo hayo mawili ni shaka yenyewe, kama ipo kweli. Msafiri aliyefika kijijini akakuta petroli imo kwenye madumu, hajui imetoka wapi wala imekaa muda gani, ana shaka ya haki. Aliyesimama mbele ya pampu yenye namba, na kitabu chenye namba kipo chini ya kiti, shaka yake ameileta mwenyewe kutoka nyumbani. Hata swali la kumfuata mwenye ujuzi bila kujua hoja zake zote limejibiwa zamani: asiye mjuzi hulazimika kumfuata mjuzi, mradi achague vizuri nani mjuzi. Mhandisi aliyeitesa injini hiyo kwenye mtambo wa majaribio ana haki kubwa ya kusikilizwa kuliko bango la barabarani.

Na bango lina nguvu. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima petroli ya daraja la juu katika magari yaliyoundwa kwa ya kawaida, kisikute faida ya maana. Kilikadiria kwamba katika miezi kumi na miwili Wamarekani walikuwa wametumia zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa namna hiyo. Wengi huamini wananunua usafi wa injini. Ila viungio vya kusafisha ni jambo tofauti na oktani, na sheria ya Marekani imevidai katika petroli ya kila daraja tangu 1995.

Fedha ni yake, atasema mtu. Ni kweli, ingawa tamaa ya oktani haijawahi kuwa jambo la mfuko wa mtu mmoja. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanyia kazi General Motors, aligundua kwamba risasi kidogo ndani ya petroli huinyamazisha injini inayogonga. Miaka mitatu baadaye wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu ya kiungio hicho, na bado kiliuzwa duniani kwa karibu karne nzima, moshi wake ukiingia kwenye damu za watoto ambao baba zao hawakuwa hata na baiskeli. Julai 2021 Algeria, nchi ya mwisho, iliacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari; mwezi uliofuata Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likautangazia ulimwengu habari hiyo kutoka makao yake Nairobi.

Petroli ya 98 ya leo haina risasi, na kijana hamdhuru mtu kiasi hicho. Kosa lake ni dogo, na chanzo chake ni pendo, jambo linalofanya iwe vigumu kumkemea. Anataka kutoa. Ila pikipiki haina namna ya kupokea anachotoa: pointi saba za ziada huingia kwenye silinda na kutokea kwenye bomba la moshi bila kuwa zimefanya kazi yoyote. Kipenzi hicho kinahitaji mengine, yasiyo na bango: mnyororo utiwe mafuta, upepo wa matairi upimwe baridi, oili ibadilishwe kwa wakati.

Yupo mmoja tu ambaye kitabu hakimsaidii, naye ni aliyebadilisha pistoni ili kuongeza mgandamizo au aliyepanga upya muda wa cheche. Injini iliyoandikwa kitabuni si ile iliyo chini yake tena. Huyo arudi kwa fundi aliyeipanga, amwulize siku ile kwenye mtambo wa kupimia walitia petroli gani.