Kikulacho Ki Wapi?

Ndugu msomaji, mimi si daktari. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na hiyo baiolojia yenyewe nilipata D. Kazi ninayoililia ni kuandika riwaya. Lakini lipo swali moja limenikaa kooni tangu mwaka 2022, nami nimeona heri nilitoe hapa: Je, mtu akiugua, ni lazima awepo wa kulaumiwa?

Shangazi yangu, ndiye aliyenilea, aliugua saratani ya titi. Uvimbe ulianza mdogo kama punje ya hindi. Jirani yetu, bibi mmoja mjane, alikuwa akimletea ndizi mbivu kwenye ungo kila Ijumaa. Ugonjwa ulipozidi, watu wakaanza kunong'ona. "Kikulacho ki nguoni mwako," wakasema, na macho yote yakageukia ule ungo. Nami sikuwa mtazamaji tu. Mimi ndiye niliyezimwaga zile ndizi jalalani, bibi mwenyewe anaona. Hakusema neno. Aliokota ungo wake akaenda zake. Mwaka huohuo wa 2022 shangazi akafariki.

Baadaye binamu yangu anayesomea udaktari alikuja likizo. Nikamwuliza hii kansa ni kitu gani hasa. Basi bwana, akachukua kijiti, akachora duara mchangani.

"Hii ni seli," akasema. Akanieleza kwamba seli ina utando, na utando una vijilango vidogo mno. Vingine ni vya potasiamu. Ndani ya seli potasiamu ni nyingi, yapata mara 30 kuliko nje. Kijilango kikifunguka, potasiamu hutoka, na kwa kuwa hubeba chaji chanya, ndani hubaki hasi zaidi. Hivyo utando huwa na umeme kidogo, nao hupanda na kushuka wakati seli inapojiandaa kugawanyika. Potasiamu ikitoka, maji huifuata, na seli hubadili ukubwa wake. Umeme huo pia husaidia kalsiamu kuingia, nayo kalsiamu ni kama mpiga mbiu wa mgawanyiko. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukiviziba vijilango hivyo katika aina fulani ya chembe nyeupe za damu, chembe hizo hushindwa kuongezeka.

"Potasiamu!" nikaruka. "Si ndiyo hiyo iliyomo kwenye ndizi?"

Nakiri, moyo wangu ulifurahi. Nilidhani nimepata ushahidi! Binamu akacheka, kisha alipouona uso wangu akaacha kucheka. "Kaka," akasema, "potasiamu ya kwenye damu hupimwa na kulindwa na figo. Ndizi haimpi mtu saratani. Huyo mchawi unayemtafuta alikuwa ndani ya mwili wa shangazi mwenyewe."

Akanisimulia habari ya kijilango kimoja ambacho jeni yake ilijulikana kwanza kwa inzi wa matunda. Inzi wenye kasoro katika jeni hiyo, wakileweshwa kwa etha, miguu yao hutetemeka kama ya wacheza dansi. Kwa binadamu mwenye afya kijilango hicho hupatikana zaidi katika ubongo. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba seli zikilazimishwa kuwa nacho kwa wingi, huanza kukua kama za saratani. Na kweli, kimekutwa katika saratani nyingi za nje ya ubongo, ya titi ikiwemo.

"Sasa si wakizibe tu?" nikauliza. La hasha! Kijilango hicho kina ndugu yake katika moyo. Kila pigo likipita, potasiamu hutoka kwa ndugu huyo, na msuli wa moyo hupumzika tayari kwa pigo jingine. Naye pia amekutwa katika baadhi ya saratani. Dawa ikimziba, mapigo yanaweza kuvurugika na mtu akafa ghafla. Terfenadine, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hiyo.

Usiku ule sikulala. Kumbe ubaya hauna mlango wake peke yake. Hupita palepale unapopita uhai! Kikulacho hakipo hata nguoni, kimo nyamani. Na je, seli ile ina dhambi? Haina nia wala chuki. Inafanya lile lile lililotuumba sote tumboni mwa mama zetu, yaani kugawanyika. Ilichopoteza ni kujua pa kukomea.

Mtu atanibishia: na mvutaji sigara je? Si amejitakia? Ni kweli moshi huharibu jeni, na hapana budi tuuseme. Lakini kueleza chanzo ni jambo moja, na kumhukumu mgonjwa ni jambo jingine. Chanzo hutusaidia kuzuia na kutibu. Hukumu hutusaidia nini, zaidi ya kuipa hasira yetu mahali pa kukaa?

Nilimwendea yule bibi. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Shangazi yako aliniulizia?"

Msomaji, hapo ndipo nilipojua jibu la swali langu. Kwa sababu shangazi alimwulizia, tena si mara moja, hadi wiki ya mwisho. Nami nilikuwa nikimjibu kwamba bibi amekataa kuja.

Nilimwambia bibi ukweli wote. Hakunifukuza, wala hakuniambia amenisamehe.

Basi mwenye hatia alikuwepo katika nyumba ile. Ugonjwa haukuwa na mwenyewe wa kulaumiwa, lakini upweke wa shangazi ulikuwa naye. Tunamtafuta mkosaji mahali asipokuwepo, na huko kutafuta kwenyewe ndiko kunakotufanya tukose. Wewe unayeuguza leo, ungo wa nani umeukataa mlangoni?