Mpanda Baiskeli na Haki ya Njia

Upepo wa kaskazi ukishaingia mwezi wa Desemba, Dar es Salaam huelemewa na joto hadi Machi. Mchana hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa bahari hulifanya shati lishike mgongo hata kabla ya saa tatu asubuhi. Siku za mwanzo wa Machi jua hupita utosini hasa, kwa kuwa jiji liko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Ikifika saa sita na nusu mchana, anayesimama barabarani hukanyaga kivuli chake mwenyewe.

Ndani ya joto hilo baiskeli zinaendelea kutembea. Wachuuzi wanatoka soko la Feri alfajiri na tenga la samaki kwenye karia, wakiwahi kufika mitaani kabla barafu haijayeyuka. Wapo wanaosambaza mikate, wanaopeleka madumu ya maji, wanaobeba magunia ya mkaa marefu kuliko wao. Wapo pia mafundi na walinzi wanaokwenda kazini kwa baiskeli kwa sababu nauli ya siku ni sehemu ya mlo wa siku. Na sasa kuna vijana wanaoendesha kwa kupenda, kofia ngumu kichwani, jioni jua likishapoa.

Anayekanyaga pedali hupata nafasi ya kuwaza ambayo dereva hana na abiria wa daladala hana. Miguu ina kazi yake, macho yana kazi yake, lakini fikra hubaki huru. Tena yuko wazi: anasikia ugomvi wa konda, ananusa mandazi, anaona uso wa mama anayengoja kuvuka na mtoto mgongoni. Ndiyo maana swali moja humrudia mara kwa mara, hasa joto linapowapunguzia watu subira: aliye na kasi anadaiwa nini na asiye nayo?

Dini zilizokulia kwenye misafara hazikuliacha swali hili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipoeleza kwamba hawana pengine pa kuzungumzia, aliwaruhusu kwa sharti la kuipa njia haki yake, na haki hiyo akaitaja: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi nyingine inahesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, la chini kabisa katika matawi yake sabini na zaidi, lakini tawi.

Na ipo ya tatu, kutoka kwa Abu Huraira, ambayo watoto wengi wa pwani huisikia chuoni wakiwa bado wadogo. Inapanga nani aanze kutoa salamu. Aliyepanda mnyama huanza kwa anayetembea, anayetembea huanza kwa aliyekaa, na wachache huanza kwa wengi. Wanazuoni walioifafanua wametaja sababu zaidi ya moja. Aliyepanda yuko juu, na kuwa juu humpa mtu kiburi, kwa hiyo salamu inamshusha. Tena anayetembea ana sababu ya kumhofia aliyepanda, na salamu inamwondolea hofu: nimekuona, huna la kuogopa kwangu.

Jambo kubwa katika mpangilio huo ni upande deni linakoelekea. Mazoea ya dunia ni mdogo kumpisha mkubwa na mnyonge kumtambua mwenye nguvu. Hapa mwenye nguvu ndiye mwenye kuanza. Hakuna anayemuuliza ana cheo gani au ana haraka ya nini. Kule kupanda tu kumemtia deni.

Injili ya Luka, sura ya 10, inalipeleka jambo hilohilo mbele zaidi. Njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko inashuka karibu mita 1,000 kwa mwendo usiofika kilomita 30, kutoka milimani hadi chini ya usawa wa bahari, jangwani kwenye jua kali. Mtu amepigwa na wanyang'anyi, ameachwa nusu mfu. Kuhani anapita kando, Mlawi anapita kando. Msamaria, mgeni aliyedharauliwa, anamfunga majeraha, anampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe na kumpeleka kwenye nyumba ya wageni. Mahubiri mengi husisitiza mafuta, divai na dinari mbili alizolipa. Mpanda baiskeli anayeisikia habari hiyo Jumapili asubuhi ana haki ya kumtazama pia mnyama: kipando kilichokuwa cha mwenye safari kimegeuka kuwa cha aliyelala chini.

Wasimulizi wa Kiislamu wana kisa kinachofanana na hicho kuhusu Khalifa Umar. Alipokwenda kupokea mji wa Yerusalemu, karibu mwaka 637, inasimuliwa kwamba yeye na mtumishi wake walikuwa wakipokezana ngamia mmoja, na walipokaribia mji zamu ya kupanda ilikuwa ya mtumishi. Khalifa aliingia akitembea.

Je, adabu ya ngamia na punda inafaa kitu kwenye barabara ya lami? Hesabu ya fizikia inasema inafaa zaidi sasa kuliko zamani. Nishati ya mwendo inategemea uzito na mraba wa kasi, yaani kasi ikizidi mara mbili, nishati inazidi mara nne. Mtu wa kilo 70 anayetembea kilomita 5 kwa saa ana nishati ndogo, na akigongana na mwenzake wataombana radhi. Mweke mtu huyohuyo juu ya baiskeli ya kilo 20, aende kilomita 15 kwa saa, na nishati yake inazidi ya mtembea kwa miguu mara kumi na moja na ushei. Sasa chukua gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kasi ambayo sheria ya Tanzania inairuhusu maeneo ya makazi. Linamzidi mpanda baiskeli kwa nishati mara 185 hivi. Ngamia wa Umar hakuwahi kumzidi mtu kiasi hicho.

Matokeo yake yamo katika takwimu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaeleza kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021. Asilimia 23 walikuwa watembea kwa miguu na asilimia 6 waendesha baiskeli. Afrika, yenye magari machache kuliko mabara mengine, ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo kwa idadi ya watu. Watembea kwa miguu miongoni mwao hawakuwa na kasi ya kumdhuru mtu yeyote.

Mpanda baiskeli anakaa katikati ya hesabu hizo. Mbele ya lori ni mnyonge. Mbele ya bibi mwenye mfuko wa nyanya pale Kariakoo ni mwenye nguvu, kwa mara kumi na moja. Nafasi hiyo ya kati ndiyo inayompa somo, akikubali kufundishika, kwa sababu madai anayoyaelekeza kwa dereva hayana uzito mpaka ayatekeleze kwa mtembea kwa miguu. Anayelalamika kwamba bodaboda wameziba njia ya baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, kisha akapanda kwenye njia ya waenda kwa miguu na kuwapigia kengele kina mama wapishe, ameudai utaratibu wa salamu kwa waliomzidi na kuuvunja kwa aliowazidi. Kengele nayo ina namna mbili za kupigwa. Mlio mmoja mfupi kutoka mbali ni taarifa: ninakuja. Mlio mrefu visiginoni mwa mtu ni amri.

Mtu anaweza kupinga kwamba yote haya ni tabia njema, na tabia njema haijengi barabara. Hoja hiyo ina nguvu. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 Uholanzi, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi hawakuridhika na kuwaomba madereva wawe wapole. Waliingia barabarani wakidai mauaji ya watoto yakome, na baada ya miaka mingi ya madai na ujenzi nchi hiyo ikawa na njia za baiskeli inazojulikana nazo leo. Sheria nayo iliwekwa upande wa mnyonge. Gari likimgonga mpanda baiskeli au mtembea kwa miguu, kwa kawaida mwenye gari ndiye anayebeba dhima ya madhara, na aliyegongwa akiwa mtoto chini ya miaka 14, ni nadra sana mwenye gari kuponyoka. Sababu iliyo nyuma ya sheria hiyo haihitaji maelezo marefu: aliyeleta hatari kubwa barabarani ndiye wa kuibeba.

Kwa hiyo salamu na sheria si maadui. Sheria hiyo ni utaratibu wa aliyepanda na anayetembea, umeandikwa na bunge. Umar mwenyewe hakuishia kwenye adabu ya mtu binafsi. Imepokewa kwamba aliogopa kuulizwa na Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Hofu hiyo ni ya mtawala, na inawahusu moja kwa moja wale wanaochora barabara zetu. Dar es Salaam imeonyesha kwamba inaweza. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, kilomita 20.9, ilipoanza kutoa huduma Mei 2016, ilikuja na njia za miguu na za baiskeli kandokando, na jiji likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, la kwanza barani Afrika kuipata. Njia ikishajengwa inabaki kulindwa, na kivuli kinabaki kupandwa, maana Februari njia isiyo na mti hata mmoja inamwadhibu yule tu asiye na paa juu ya kichwa.

Padri Ivan Illich, aliyezaliwa Vienna mwaka 1926, aliliuliza swali hili kwa upande mwingine. Katika kitabu chake kuhusu nishati na usawa, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikadiria kwamba Mmarekani wa kawaida alitumia saa zaidi ya 1,600 kwa mwaka kwa ajili ya gari lake: kuliendesha, kuliegesha, na kufanya kazi ya kulilipia. Alipogawanya umbali kwa saa hizo alipata mwendo usiofika maili tano kwa saa, karibu sawa na wa miguu. Aliona kwamba vyombo vikipita kasi ya kilomita 25 kwa saa hivi, muda wa wachache huanza kununuliwa kwa muda wa wengi. Mtu anaweza kubishana na kiwango chake. Ni vigumu kubishana na alichokiona, kwa sababu kinaonekana kwenye kila kivuko jijini: watu arobaini wamesimama juani wakingoja gari lenye mtu mmoja lipite.

Inabaki kesi ngumu, ya kijana wa bodaboda. Anakwenda mbio kwa sababu jioni mwenye pikipiki anataka hesabu, na isipotimia kesho funguo zitapewa mwingine. Kumlaumu yeye peke yake ni kuukata mnyororo wa deni mahali palipo rahisi kukata. Mwenye pikipiki aliyepanga hesabu isiyofikika bila kukimbia naye amepanda juu ya mtu. Abiria anayemhimiza kijana apite upande usio wake amepanda vilevile. Mafundisho ya njiani, yakichukuliwa kwa uzito, yanafika hadi sebuleni kwa watu ambao miguu yao haikugusa lami siku nzima.

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 ya mwezi huohuo. Waislamu na Wakristo wa jiji moja walifunga pamoja chini ya jua la utosini, wakiwemo wauza samaki na wasambaza mikate. Msafiri wa mbali ana ruhusa ya kufungua. Anayezunguka na baiskeli kutoka Feri hadi Manzese hahesabiwi msafiri. Saa ngumu kuliko zote ni ile ya kabla ya magharibi. Koo zimekauka, kila mtu anaiwahi futari, na barabara nzima inakwenda mbio kwa sababu ambayo kila mmoja anaiona kuwa njema.

Hapo ndipo mafundisho yanapombana mtu hasa, kwa kuwa hata haraka ya kwenda kuswali hayakuiachia nafasi. Katika hadithi ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, Mtume aliwaambia waumini wakisikia ikama wasiende mbio, waende kwa utulivu, waswali walichokiwahi na kukamilisha kilichowapita. Ikiwa mwito huo hauruhusu kukimbia, basi tenga la samaki, hesabu ya pikipiki na kikao cha ofisini haviruhusu kumsukuma mtu pembeni ya barabara. Mpanda baiskeli aliyeshuka Kariakoo kumvusha mzee, akafika msikitini swala ya jamaa imeshaanza, ataunga safu ya mwisho, na rakaa iliyompita ataikamilisha imamu akishatoa salamu.