Mgeni Njoo, Nani Apone?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema inakuwaje mgeni akija na greda. Na siku hizi, ndugu msomaji, mgeni wa kampuni haji mikono mitupu. Anakuja na mafunzo, anakuja na ajira, anakuja na neno tamu: ushirikiano. Mimi nauliza hivi: kazi unayopewa na mtu aliyechukua ardhi yako ni haki yako, ni hisani yake, au ni kifunga mdomo?

Mfano ninao hapa hapa kwetu. Bomba la mafuta ghafi toka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linaingia kupitia Missenyi, linapita Bukoba Vijijini na Muleba, ndipo linashuka Biharamulo. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, CNOOC ya China asilimia 8. Upande wetu wa mpaka, watu zaidi ya 9,000 waliguswa ardhi au mali zao. Uthamini ulifanyika 2018 na 2019. Wengi walisubiri fedha zaidi ya miaka miwili, na huku wameshaambiwa wasijenge wala wasipande mazao ya kudumu kwenye ule mkanda.

Mtu wa mbali atasema, jamani, si mkanda wa meta 30 tu? Huyo hajui kibanja. Kwenye kibanja cha Mhaya pana migomba, mibuni chini yake, nyumba, na makaburi ya wazee. Zamani ndugu akikiuza kimya kimya, ukoo ulikuwa na haki ya kukikomboa. Mthamini anahesabu mashina ya migomba, anaandika, anasonga mbele. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Ila kuna kitu pale ambacho fomu yake haina safu ya kukiandika.

Vijana wenzangu wa vijiweni Bukoba mjini wananiambia: acha ngonjera wewe, bora kibarua. Nawaelewa. Tangu mnyauko wa migomba uingie Muleba mwaka 2006, ziko familia ambazo kibanja hakiwalishi tena. Na kijana aliyefundishwa kuchomelea vyuma anabaki na ufundi wake popote aendapo. Hilo ni jema, nani atalikataa? Lakini tuhesabu vizuri. Bomba linachimbiwa, linaungwa, linafukiwa. Likishafukiwa wanabaki walinzi na mafundi wachache. Juu yake huruhusiwi kujenga nyumba wala kupanda mti wa mizizi mirefu. Kibarua ni cha miezi. Ardhi imeondoka kwa miongo. Ukisema hapo tumelipana, mizani yako ina hitilafu.

Na hata mizani ingekaa sawa, bado lipo swali kubwa zaidi: nani aliulizwa? Kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, Rais anaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Mwenye kibanja anaweza kubishania fidia. Kukataa hawezi. Lakini mradi huo huo ulipofika kwa Waakie wa Kiteto na kwa Wataturu, waliketi nao wakatafuta ridhaa yao kwa maandishi, kwa sababu kanuni za wakopeshaji wa kimataifa zinawahesabu kuwa jamii za asili. Mhaya hayumo kwenye orodha hiyo. Sisemi Waakie wamependelewa. Wao wamepoteza mengi kuliko sisi. Nauliza tu kama kuulizwa "unakubali?" ni dawa ya wanyonge wachache, au ni stahili ya kila mwenye kwao.

Kanada waliwahi kulipanga jambo hili vizuri. Mwaka 2015 Tume yao ya Ukweli na Maridhiano ilitoa wito kwa makampuni, wito namba 92. Kwanza wapate ridhaa ya wenyeji. Ajira na mafunzo vikafuata baada ya hapo. Mpangilio ule una maana. Ukianza na kibarua halafu ridhaa ije nyuma, hujapatana na mtu, umemwajiri tu.

Sisi wa Kagera tusingehitaji kufundishwa hili na Kanada. Enzi za nyarubanja mkama aliweza kumzawadia kipenzi chake eneo zima pamoja na watu waliomo. Jana ulikuwa mwenyewe, leo umekuwa mtwarwa, unalipa kodi kwenye udongo wa babu yako. Bwana mpya huenda alikuwa mpole, huenda alikulinda. Hata hivyo hakuna aliyeuita mpango ule ushirikiano, na sheria ya 1965 iliuvunja.

Utaniuliza: kijiji kimoja kikikataa, nchi nzima isimame? Hapana. Ila kuna umbali mkubwa kati ya kuzuia bomba na kuketi mezani kabla njia haijachorwa, mkajadiliana bei, muda, na kipi kitabaki baada ya greda kuondoka. Tena kwenye meza hiyo asikae mzee wa ukoo peke yake. Mwaka 1990, Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya alimpa haki mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, huku mila ikisema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kampuni inayosema "tumeongea na jamii" ituambie imeongea na nani.

Basi, kijana mwenzangu, nafasi za mafunzo zikitangazwa, nenda kajiandikishe. Chukua ufundi, chukua mshiko wako, hujaiba cha mtu. Ila siku ya sherehe wakikupa kipaza sauti ushukuru kwa niaba ya kijiji, shukuru kwa niaba yako tu. Bibi yako kule Muleba ana neno lake mwenyewe, na mpaka leo hajaulizwa.